Lori lenye tela mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya madereva, matingo wanaojiandaa kushika usukani na wenye magari yanayotumia barabara ya Dar es Salaam–Tunduma na kuendelea Zambia na Kongo. Maswali ni yale yanayorudi kila siku kwenye yadi, kwenye mizani na kwenye foleni za mpakani. Mwenye haraka aanze na swali la 2, la 6 na la 12, kwa sababu hayo ndiyo yanayoua.

## Mambo ya msingi

1. Semi, pulling na interlink zinatofautianaje?

Semi ni kichwa na tela moja. Tela haina magurudumu mbele, inalala juu ya sahani ya kichwa, na kingpini yake (pini nene iliyo chini ya tela) inashikwa na taya za sahani hiyo. Gari zima linapinda sehemu moja tu.

Pulling ni lori lenye bodi na mzigo wake, halafu linavuta tela inayosimama kwa magurudumu yake yenyewe, mbele na nyuma. Linapinda sehemu mbili: pale mkono wa tela unaposhikwa na pini nyuma ya lori, na pale penye sahani inayozungusha ekseli ya mbele ya tela.

Interlink ni kichwa kinachovuta tela mbili. Ya kwanza kwa kawaida ni fupi, ya kutosha kontena la futi 20, na mkiani ina sahani nyingine ambayo tela ndefu ya pili inalala juu yake. Nayo inapinda sehemu mbili, ila ina faida ambayo pulling haina. Tela ya pili ikitaka kulala ubavu, ya kwanza inaizuia kwa uzito wake. Tela ya pulling haina wa kuizuia. Inaweza kulala peke yake huku dereva bado anakanyaga mafuta.

Karibu kila kitu hapa chini kinahusu pulling na interlink. Panapotofautiana nimesema.

2. Nimeendesha semi miaka mingi. Kuna jipya gani kwenye tela mbili?

Lipo, na ni kubwa. Unachofanya kwenye usukani hakifiki nyuma kama ulivyokifanya, kinafika kimekuzwa. Ni kama kiboko: mkono unasogea kidogo, ncha inaruka mbali. Ukikwepa shimo kwa ghafla kisha ukarudi njia yako, kichwa kitasogea nusu mita na kutulia, lakini tela ya mwisho itavutwa kushoto, kisha kulia, na kila mara kwa nguvu kuliko ulivyovuta wewe.

Mwongozo wanaosoma waombaji wa leseni za malori Marekani una hesabu yake. Kwa gari la tela tatu, tela ya mwisho hupinduka kwa wepesi mara 3.5 ukilinganisha na semi ya ekseli tano. Kwa tela mbili fupi zilizounganishwa kwa doli (kigari kidogo chenye sahani kinachobeba mbele ya tela ya pili), ni mara 2. Interlink imetulia kuliko hizo kwa sababu niliyoeleza swali la 1. Pulling iko karibu nazo zaidi.

Kwa hiyo mbuzi akikatiza mbele yako, funga breki ukiwa umenyoosha. Kukwepa kwa ghafla kunaokoa kichwa na kuiangusha tela, na tela ikianguka huwa inaangukia upande wanakopishana watu. Najua ni jambo gumu kulikubali ukiwa umeshika usukani. Ndiyo maana unapaswa kuwa umeshaamua kabla hujatoka yadi.

3. Nahitaji leseni gani?

Tanzania malori huendeshwa kwa daraja E, na mafunzo ya magari makubwa hutolewa NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) na VETA (vyuo vya ufundi stadi). Kenya, lori kubwa lenye tela ni CE. Ila leseni haionyeshi kama umewahi kuunganisha tela mbili kwa mikono yako. Mwenye gari, kabla hujampa dereva interlink, mwambie aitenganishe na kuiunganisha mbele yako. Utajua hapo hapo.

4. Sheria inaruhusu uzito na urefu gani?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari la ekseli 7. Ekseli ya usukani ni tani 8, ekseli moja ya tairi nne ni tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Urefu wa gari na tela zake unaishia mita 22.

Hesabu inayowachanganya wengi ni hii. Interlink ya ekseli 7 ina 8 ya usukani, 18 ya kichwa, 18 ya tela ya kwanza na 18 ya tela ya pili. Jumla ni 62, lakini sheria inasimama kwenye 56. Unaweza kupita kila ekseli na bado ukazidi kwa jumla. Kinyume chake pia hutokea: jumla iko sawa ila ekseli mbili za tela moja zimezidi, kwa sababu mzigo umepangwa vibaya (swali la 9).

## Kufunga na kukagua

5. Nifuate utaratibu gani kuunganisha interlink?

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Tela ya pili iwe imesimama kwa breki zake na imewekewa vigingi kwenye magurudumu. Ukiwa tayari umeshika tela ya kwanza, jipange ili zote zinyooke mstari mmoja, kisha rudi polepole. Ukirudi ukiwa umepinda utaisukuma tela ya pili pembeni na kuvunja miguu yake.

Kabla hujaingia chini yake, shuka uangalie kimo. Sahani ikigusa, tela inatakiwa kuinuka kidogo. Ikiwa juu mno, kingpini itapita juu ya taya au itakaa nusu nusu, na huo ndio muunganiko unaoachia ukiwa kwenye mteremko.

Ukisikia mlio wa taya kufunga, bado hujamaliza. Chukua tochi, ingia chini, angalia kwa macho. Hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela? Taya zimeshika shingo ya kingpini, siyo kichwa chake? Mpini umerudi ndani na kizuizi chake kimekaa? Halafu weka gia ndogo, acha breki za tela zimefunga, vuta kidogo mbele mara mbili au tatu. Isipoachia, unganisha hosi na waya wa umeme, kisha pandisha miguu mpaka mwisho. Mguu uliobaki chini kidogo huliwa na tuta la kwanza.

Kwa pulling, angalia kwamba pini imeshuka yote na kizuizi chake kimefunga, na minyororo ya usalama ipo. Na hili nalisema kwa uzito: utingo asisimame kati ya lori na tela akiushika mkono wa tela kwa mikono huku lori linarudi. Dereva hamwoni, lori likiteleza nusu mita mtu anabanwa. Kimo cha mkono kipangwe gari likiwa limesimama, utingo atoke pembeni mahali unapomwona kwenye kioo, ndipo urudi.

6. Nitajuaje kama breki za tela ya mwisho zinafanya kazi kweli?

Usiamini geji ya kichwani peke yake. Inakuambia upepo uliopo kwenye gari, haikuambii kama umefika nyuma.

Hosi nyekundu inapeleka upepo wa kujaza matangi ya tela na kuachia breki za kuegesha. Ya njano inapeleka amri ya pedali. Kwenye interlink upepo unapitia tela ya kwanza, na mkiani mwake mara nyingi kuna koki. Zikiwa zimefungwa, tela ya pili haipati kitu. Kama ni tela ya zamani isiyo na breki za springi, itakufuata vizuri kabisa bila breki yoyote, na utaligundua hilo pale unapohitaji kusimama.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Jaza upepo, zima injini, weka vigingi. Mwambie utingo achuchumae kando ya magurudumu ya tela ya mwisho, aangalie chemba za breki. Kanyaga pedali. Fimbo ya kila chemba itoke, ukiachia irudi. Aende ekseli hadi ekseli, kushoto na kulia. Fimbo isiyosogea, au inayotoka ndefu kuliko wenzake, ina shida. Halafu shikilia pedali na usikilize. Upepo unaovuja utausikia hata ukiwa mdogo, injini ikiwa imezimwa.

Mwisho, chomoa hosi nyekundu ya tela ya pili. Tela inatakiwa ijifunge yenyewe. Isipojifunga, usitoke.

7. Utingo amegonga tairi zote kwa nyundo. Inatosha?

Nyundo inakutajia tairi iliyokwisha kabisa. Haikutajii iliyopungua robo. Kwenye tairi pacha, moja ikipungua mwenzake anabeba mzigo wote, zinasuguana, joto linapanda, na baada ya saa chache unaona moshi kwenye kioo. Tumia geji, asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Angalia na nati. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea nje ya ringi maana yake nati imelegea. Kila mkisimama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake ina beringi mbovu au breki inayobana.

Fungua pia maji kwenye matangi ya upepo, ya kichwa na ya kila tela. Watu wengi wanasahau ya tela.

8. Chemba moja ya breki inavuja. Fundi anasema aizibe tufike kwanza. Nikubali?

Hapana. Ukiziba chemba moja, breki nyingine zinafanya kazi ya ile iliyozibwa, na upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Kwenye tambarare hutaona tofauti, ndiyo maana desturi hii imeenea. Kwenye mteremko breki zilizobaki zinapata moto mapema, na tela inavutwa upande mmoja kila ukikanyaga. Chemba mpya ni bei ndogo sana kwenye hesabu ya safari ya Lubumbashi. Mwenye gari anayemwambia dereva aendelee hivyo hivyo anajua anachokifanya, na dereva ana haki ya kukataa kuondoka.

## Kupakia

9. Tela ipi ibebe mzito zaidi?

Ya mbele, daima. Kwenye interlink tela ya kwanza iwe nzito kuliko ya pili. Kwenye pulling, lori liwe zito kuliko tela. Nyuma kukiwa kuzito na mbele kwepesi, nyuma ndiyo itakayoendesha gari: kwenye kona itakusukuma, ukifunga breki itakupita.

Balaa kubwa zaidi ni kupakua nusu njiani. Umeshusha mzigo wa mbele Morogoro kwa sababu ndiyo ya mteja wa kwanza, sasa unapanda kuelekea Iringa na tela ya nyuma imejaa. Panga oda kabla ya kupakia, ili kinachoshuka kwanza kikae nyuma.

10. Je, shaba, salfa na mafuta vina tahadhari tofauti?

Shaba ni nzito kiasi kwamba mzigo wa tani 30 unajaza mita za ujazo kama tatu na nusu tu. Ukiitazama tela utadhani ni tupu. Uzuri wake ni kwamba mzigo uko chini, gari halipinduki kirahisi. Ubaya ni kwamba fungu lililosogea halizuiliki kwa turubai wala kamba. Linahitaji mikanda au minyororo yenye nguvu iliyoandikwa, na mafungu yawe yamegusana ili yasipate nafasi ya kuanza kusogea. Yakae juu ya ekseli, siyo katikati ya sakafu.

Salfa ya mifuko inasimama juu zaidi, na inawaka. Usiipakie kwenye tela yenye breki zinazobana.

Tanki la mafuta lisilojaa ni hatari kuliko lililojaa. Mafuta yanakwenda mbele ukifunga breki na yanapanda ubavuni ukiingia kona, kisha yanarudi. Kwa tanki la nusu, kila kitu kilichosemwa kwenye swali la 2 kizidishe.

## Barabarani

11. Niache umbali gani na gari la mbele?

Hesabu sekunde moja kwa kila mita 3 za urefu wa gari lako, halafu ongeza moja ukizidi mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa. Gari la mita 22 linahitaji sekunde 8. Kwenye mwendo wa 80, ambao ndio mwisho wa sheria kwa malori, kila sekunde unakwenda mita 22. Ni karibu mita 180.

Utaambiwa kwamba ukiacha nafasi hiyo magari madogo yanaiingia. Ni kweli yanaingia. Achia mafuta, nafasi irudi. Utachelewa Tunduma kwa dakika chache, na Tunduma utakaa foleni hata hivyo.

12. Nishuke vipi mlima wa Kitonga?

Ukienda Iringa unaipanda. Ukirudi Dar na shaba unaishuka, yaani siku uliyobeba mzito zaidi ndiyo siku ya mteremko. Hapa ndipo kazi yote ya swali la 5, la 6 na la 8 inapolipwa au inapodai.

Simama kabla ya kuanza kushuka. Kagua fimbo za breki, gusa habu. Chagua gia ukiwa juu, gari likiwa polepole: iwe ile uliyopandia au ndogo zaidi. Ukishaanza kushuka na mwendo umekuzidi, usijaribu kubadilisha. Gia inaweza kugoma kuingia na utabaki huna kitu.

Acha breki ya injini au ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) ifanye kazi kubwa. Breki ya mguu ni ya kusaidia. Chagua mwendo wako, tuseme 30. Ukifika hapo, kanyaga kwa uzito mpaka ushuke kama 22, achia kabisa, acha gari lipande tena mpaka 30, kanyaga tena. Kushikilia pedali kidogo kidogo njia nzima kunachemsha ngoma, na ngoma ikichemka inatanuka na kukimbia viatu. Pedali inakwenda chini, gari haliitikii.

Usitumie breki ya mkono ya tela peke yake kushukia, hata kama mwalimu wako alikufundisha hivyo. Unazichosha breki za tela, zile zile unazozitegemea kuizuia isikusukume.

Ukisikia harufu au kuona moshi, simama sehemu pana ya kwanza. Weka vigingi, acha ngoma zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, zitapasuka. Usifunge breki ya kuegesha zikiwa za moto sana. Haya yote yanahusu Iwambi mkoani Mbeya na mteremko mwingine wowote njia hii.

13. Kuweka nyutro kwenye mteremko kunaokoa mafuta?

Injini za kisasa zenye gia ndani hukata mafuta zenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko. Nyutro inazifanya ziendelee kuchoma mafuta ya kuunguruma. Kwa hiyo huokoi hata hicho unachodhani unaokoa, na umeitupa breki ya injini. Kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kipande cha Salgaa na Sachangwan kimejijengea jina baya kwa sababu hii pamoja na nyingine. Usiweke.

14. Kona naingia kwa mwendo gani?

Punguza kabla ya kona, siyo ndani yake. Nguvu inayolisukuma gari nje haiongezeki sambamba na mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kibao kinachosema 50 kiliwekwa kikifikiria gari la chini na fupi. Wewe ukiwa na mzigo wa juu, ingia chini ya hapo. Lori halitoi onyo la kuteleza. Magurudumu ya ndani ya tela ya mwisho yanaponyanyuka, wewe huko mbele hujasikia chochote.

15. Mjini, bodaboda wanajipenyeza kushoto. Nipinde vipi?

Magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani. Kwenye kupinda kushoto, mwendesha bodaboda aliyesimama kando ya kichwa chako anajikuta amebanwa kati ya tela na ukingo wa barabara.

Usianze kwa kwenda kulia na kuacha uwazi kushoto. Ule uwazi ndio mwaliko. Kaa karibu na kushoto, nenda mbele zaidi ya unavyozoea, pinda kwa upana mwishoni, ukichukua nafasi kwenye barabara unayoingia. Washa indiketa mapema. Angalia kioo cha kushoto muda wote wa kupinda, siyo mara moja mwanzoni. Ukiona kofia ya pikipiki imeingia halafu haionekani tena, simama. Honi za nyuma yako zipige.

16. Basi liko nyuma yangu. Niliwashie indiketa lipite?

Hii imekuwa lugha ya barabarani: ya kushoto maana yake pita, ya kulia maana yake subiri. Nia ni njema, ila sikubaliani nayo. Indiketa kisheria inasema unapinda, na kuna dereva nyuma ataisoma hivyo. Pia wewe unaona umbali wako, huoni mwendo wa basi wala uwezo wa injini yake. Kupita gari la mita 22 kunachukua muda mrefu kuliko dereva wa basi anavyokisia, na ukimwambia pita umemchukulia uamuzi wake pamoja na abiria wake.

Unachoweza kufanya: kaa kushoto, shika mwendo ule ule, na akianza kupita usiongeze. Akiwa amebanwa, punguza ili apate pa kurudi.

17. Mikumi na safari za usiku?

Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Fuata vibao vya mwendo, na ujue ukigonga mnyama kuna faini. Usiku tembo hang'ai macho kama swala. Unaweza kumfikia kabla hujamwona. Kuhusu kukwepa, rudi swali la 2.

Usiku hakikisha stika za kuakisi mwanga ubavuni mwa tela zote zimefutwa vumbi. Gari ndogo inayotoka njia ya pembeni inaona taa za kichwa chako zikipita na kudhani umekwisha, kumbe bado tela mbili zinakuja gizani.

18. Tela tupu ni salama zaidi?

Hapana. Tela tupu inaruka, tairi zake zinashika barabara kidogo, na ukifunga breki ghafla zinajifunga na kuteleza, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na oili. Upepo nao unaisukuma, Makambako utauhisi. Tela ya mwisho ikianza kucheza, punguza kwa kuachia mafuta.

## Mambo yanayotokea mara chache

19. Nitarudije nyuma na tela mbili?

Jibu la kweli: panga usirudi. Tafuta sehemu za kuegesha unazoingia upande mmoja na kutoka mwingine, na ukifika kwa mteja usiyemjua, shuka utembee kwa miguu ndani ya yadi kabla hujaingiza gari. Kurudi mita chache ukiwa umenyooka kunawezekana. Zaidi ya hapo, tenganisha tela na urudishe moja moja. Ni kazi, lakini kingpini iliyopindika ni kazi zaidi.

20. Nimefunga breki na kwenye kioo naona tela inakuja pembeni. Nifanye nini?

Achia breki. Magurudumu yaliyojifunga hayana mwelekeo. Yakizunguka tena yanarudi kwenye mstari. Usivute breki ya tela kujaribu kuinyoosha, kwa sababu breki ndiyo iliyoianzisha. Ndiyo maana ukifunga kwa nguvu macho yawahi vioo.

21. Tairi ya tela imepasuka au inawaka.

Ikipasuka, shika usukani kwa nguvu, usikanyage breki, acha gari lipungue lenyewe, kisha toka barabarani. Ikiwaka, jua kwamba moto wa tairi hauzimwi kwa kopo dogo. Unahitaji maji mengi na hurudi ukidhani umekwisha. Simama mbali na nyumba na magari mengine. Tenganisha tela nyingine ikiwa tu moto uko mbali na muunganiko.

22. Gari limeharibika barabarani usiku. Matawi yanatosha?

Tawi halionekani na taa mpaka ukaribie. Weka pembetatu, nyuma na mbele, ya kwanza isiwe chini ya mita 50 kutoka mkiani, na mbali zaidi ukiwa umefichwa na kona au mlima. Acha taa za hatari zikiwaka. Matawi yawe nyongeza. Na ukiondoka, ondoa kila kitu, mawe hasa. Jiwe uliloweka kwenye tairi na kuliacha linamsubiri mwenye pikipiki.

23. Tanki limelala na watu wanakuja na ndoo.

Kimbia, na uwaambie wakimbie. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, tanki lililopinduka lililipuka watu wakichota mafuta. Waliokufa walizidi 100. Miaka kumi nyuma, Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya ilikuwa vile vile. Usibaki kulinda mzigo. Zima injini na swichi kuu ukiweza, sogea upande upepo unakotoka, piga simu polisi na zimamoto, na zuia magari yasikaribie. Asiwepo anayevuta sigara, na pikipiki zisiwashwe.

24. Niendeshe saa ngapi kabla ya kupumzika?

Kipimo kizuri ni kanuni ya Marekani: si zaidi ya saa 11 za kuendesha baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na dakika 30 za kusimama baada ya saa 8. Kuwa foleni ya Tunduma au ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siyo kupumzika. Unasogea mita kumi kila nusu saa, unalinda turubai, unalala robo. Ukivuka mpaka baada ya siku za namna hiyo, lala kwanza upande wa pili. Mirungi na vinywaji vya kuchangamsha vinakuzuia kufunga macho, havikurudishii wepesi wa kuamua. Kama hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, umeshachelewa kusimama.

25. Niko Marekani, kampuni inataka nivute doubles. Natakiwa kuwa na nini?

Unahitaji CDL (leseni ya magari ya biashara) ya daraja A yenye alama ya T. Mtihani wake ni wa maandishi, hakuna wa barabarani, na hapo pana pengo: unaweza kupewa T bila kuwahi kugusa doli. Omba kampuni ikupe mtu wa kukufundisha uwanjani. Doubles za kawaida ni tela mbili za futi 28, na ya pili inalala juu ya doli iliyoshikwa kwa ndoano, kwa hiyo zinachapa nyuma kuliko interlink ya kwetu (swali la 2). Hosi ya amri ya breki huko mara nyingi ni ya bluu badala ya njano, na koki za tela ya mwisho lazima zifungwe, la sivyo upepo hautajaa.

Gari la tela mbili au zaidi linalozidi pauni 80,000 kwenye barabara kuu za Interstate lina cheti chake cha mafunzo, mbali na T. Triples, yaani tela tatu, zinaruhusiwa kwenye baadhi tu ya majimbo, na hata humo kwa barabara zilizotajwa. Uliza njia yako kabla ya kukubali mzigo, kwa sababu ukishafika mpaka wa jimbo lisiloziruhusu, huwezi kugeuza.